Kutoka Sumatra hadi Mombasa: mwongozo kamili wa kujijengea modeli ya tsunami

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, saa kumi kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa zetu za Afrika Mashariki, sakafu ya bahari magharibi mwa Sumatra ya kaskazini ilipasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Tetemeko lilipimwa kuwa na ukubwa wa 9.1. Mchana wa siku hiyohiyo maji ya Lamu, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam yakaanza kwenda na kurudi bila kufuata kujaa na kupwa kwa kawaida. Somalia ilipoteza karibu watu 300, wengi wao upande wa Hafun. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, Kenya mmoja.

Kati ya tetemeko na wimbi kufika kwetu kulikuwa na safari ya yapata saa 9. Muda huo ungeweza kukokotolewa kwa penseli asubuhi ileile kabla chai haijapoa, kisha ukahakikiwa kwa programu yenye mistari 15. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufanya yote mawili. Unachohitaji ni hisabati ya kidato cha sita na kompyuta yoyote yenye Python. Usipojua Python, hatua ya 3 inafanyika hata kwenye lahajedwali la simu.

Nimechagua tsunami kwa makusudi. Anayejifunza kuunda modeli za mawimbi huanza na kamba ya gitaa, na kamba haimwambii kama amekosea. Bahari itakwambia, kwa sababu saa ya kufika inajulikana.

Hatua ya 1: Andika swali moja, na uliandike kwa vipimo

"Nataka kuelewa tsunami" si swali. Swali ni hili: wimbi likianza Sumatra, litafika Mombasa baada ya sekunde ngapi, na litakuwa na kimo cha mita ngapi likiwa bado bahari kuu? Kama unachohitaji ni muda tu, ishia hatua ya 3. Wengi hukimbilia programu kubwa kutafuta jibu ambalo mstari mmoja wa hesabu ungewapa.

Tahadhari ndogo ya lugha yetu: "saa tisa" ni muda wa safari na pia ni wakati wa siku. Katika modeli tumia sekunde tangu tetemeko, basi. Taarifa za kimataifa za matetemeko hutumia saa ya UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikitafuta kosa kwenye milinganyo, kumbe kosa lilikuwa hizo saa 3.

Hatua ya 2: Amua utatupa nini, na uwe na namba ya kujitetea

Hapa ndipo modeli inapozaliwa, na ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote. Bahari halisi ina upepo, chumvi, joto, mikondo, mzunguko wa dunia, msuguano na samaki. Huwezi kuvibeba vyote. Lakini usitupe kitu kwa sababu kinakusumbua, kitupe kwa sababu umekipima ukakiona kidogo.

Anza na urefu wa wimbi. Mawimbi ya tsunami ile yalikuwa na kipindi cha dakika 40 hivi, yaani sekunde 2,400 kutoka kilele hadi kilele. Yakienda kwa mita 198 kwa sekunde (namba hii inatoka wapi tutaiona punde), urefu wake ni kilomita 475, karibu sawa na barabara ya Mombasa hadi Nairobi. Bahari yenyewe ina kina cha kilomita 4. Kwa wimbi la namna hiyo, Bahari ya Hindi ni dimbwi. Ndiyo maana tunatumia milinganyo ya maji ya kina kifupi mahali ambapo mlima mzima wa Meru ungekaribia kuzama. Ufupi wa kina hupimwa kwa kulinganisha na urefu wa wimbi. Macho ya baharia hayahusiki.

Linganisha na wimbi la upepo unaloliona ukiwa ndani ya boti ya Zanzibar. Lina kipindi cha sekunde 8 hivi na urefu wa mita 100 kwenye maji marefu, hivyo halina habari na sakafu iliyo chini sana. Milinganyo ya hapa hailihusu. Ukiitumia utapata jibu safi lisilo na ukweli wowote.

Sasa vingine. Satelaiti ya Jason-1 ilipita juu ya Bahari ya Hindi kama saa 2 baada ya tetemeko na kupima wimbi la kimo cha sentimita 60 hivi. Gawanya 0.6 kwa 4,000 upate 0.00015. Kwa hiyo wimbi ni dogo mno ukilinganisha na kina, na vipande vya milinganyo vinavyozidisha kasi kwa kasi unaweza kuvitupa. Mawimbi marefu na mafupi kutofautiana mwendo? Kwa urefu wa kilomita 475 tofauti haifiki sehemu moja ya elfu: tupa. Msuguano wa sakafu kwenye kina cha kilomita 4: tupa. Mzunguko wa dunia, karibu na ikweta na kwa wimbi la dakika 40: tupa. Upepo hata usiufikirie.

Andika orodha ya ulivyovitupa pamoja na namba zake. Wimbi likikaribia ufuo utairudia, kwa sababu karibu kila ulichokitupa kitadai kurudi.

Hatua ya 3: Pata jibu kwa penseli kwanza

Mwendo wa wimbi kwenye kina kifupi ni kipeuo cha pili cha graviti mara kina, yaani c = √(g·h). Matokeo haya ni ya Lagrange, karne ya 18. Weka g = 9.81 na h = 4,000, upate mita 198 kwa sekunde, sawa na kilomita 713 kwa saa, mwendo unaokaribia wa ndege ya abiria. Umbali kutoka kitovu cha tetemeko hadi Mombasa, ukipita njia fupi juu ya tufe, ni kama kilomita 6,300. Gawanya: saa 8 na dakika 50.

Jibu si baya, lakini lina mtego, na mtego wenyewe unafundisha. Bahari haina kina kimoja. Kuna mabonde marefu, kuna matuta ya chini ya maji, kuna mteremko wa bara, halafu kuna maji mafupi ya pwani. Nimeigawa njia kwa makadirio ya jumla kabisa, kwa ajili ya zoezi tu:

Mabonde: kilomita 4,200 kwa kina cha mita 4,600. Sekunde 19,771.
Matuta: kilomita 1,900 kwa mita 2,800. Sekunde 11,464.
Mteremko: kilomita 190 kwa mita 1,500. Sekunde 1,566.
Maji ya pwani: kilomita 10 kwa mita 40. Sekunde 505.

Jumla ni sekunde 33,306, yaani saa 9 na robo. Sasa tafuta wastani wa kina katika jedwali hilo: mita 3,956, karibu ileile 4,000 tuliyoanza nayo. Wastani ule ule, lakini muda umeongezeka dakika 25. Dereva wa daladala analijua hili bila mlinganyo. Foleni ya Ubungo huwezi kuifidia kwa kukimbia Kibaha, kwa sababu muda huliwa pale unapokwenda polepole. Usichukue wastani wa kina. Chukua muda wa kila kipande, kisha jumlisha.

Angalia pia kipande cha mwisho: kilomita 10 tu zimekula zaidi ya dakika 8. Kwenye mlango wa bahari kati ya Unguja na bara maji ni mafupi kwa makumi ya kilomita, wimbi linatambaa kwa kilomita 70 kwa saa. Pemba ni habari nyingine, imetengwa na bara na mfereji wenye kina cha mita 800 hivi. Visiwa viwili jirani, na kila kimoja kina hesabu yake.

Kwa kina halisi, pakua ramani ya GEBCO. Ni ya bure, inafunika bahari zote za dunia, na vipimo vyake vimepishana kwa takriban nusu kilomita. Chora njia, soma kina kila baada ya kilomita 10, na safu mbili za lahajedwali zitakumalizia kazi.

Hatua ya 4: Andika milinganyo miwili

Kwa kimo cha maji tuna uga mmoja (namba moja kwa kila mahali na kila wakati), η(x,t): ni mita ngapi maji yamepanda au kushuka mahali x kwa wakati t. Kwa mwendo wa maji tuna uga mwingine, u(x,t). Vinaendeshana hivi:

∂u/∂t = −g · ∂η/∂x
∂η/∂t = −∂(h·u)/∂x

Wa kwanza unasema maji husukumwa kutoka palipoinuka kwenda palipoinama. Wa pili unasema maji hayapotei: yakiingia mengi kuliko yanayotoka, uso unapanda. Hayo tu. Nakushauri uisome kwa sauti mpaka uweze kuieleza bila alama, maana asiyeweza kuieleza hivyo hataliona kosa lake kwenye programu.

(Weka volteji mahali pa η na mkondo wa umeme mahali pa u, ubadilishe viwango vya mbele, na utakuwa na milinganyo ya waya mrefu wa umeme. Aliyejenga modeli ya tsunami ameshajenga nusu ya modeli ya laini ya usafirishaji.)

Hatua ya 5: Kata bahari vipande

Kompyuta haijui bahari, inajua orodha za namba. Kata njia ya kilomita 7,000 kuwa seli 700 za kilomita 10 kila moja. Kimo kiweke katikati ya seli, kasi iweke kwenye mipaka kati ya seli na seli. Mpangilio huu wa kupishana unaonekana kama ushabiki wa mafundi, lakini hesabu ya kutoa kimo cha seli jirani inaangukia palepale kasi inapotakiwa, na usahihi unaongezeka bila gharama.

Kisha hatua ya muda. Mwaka 1928 Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kuwa ndani ya hatua moja wimbi lisiruke zaidi ya seli moja: c·Δt (mwendo mara hatua ya muda) lazima isizidi Δx (upana wa seli). Kwa kina cha mita 5,000 wimbi linakwenda mita 221 kwa sekunde, hivyo Δt isizidi sekunde 45. Tumia 30.

Sharti hili nililidharau. Mara yangu ya kwanza niliweka sekunde 60 kwa sababu dakika moja ni namba nzuri. Skrini ilionyesha bahari shwari, kilima changu kikisafiri vizuri, halafu ghafla msumeno: seli moja juu, jirani yake chini, kila hatua ikizidisha iliyotangulia zaidi ya mara 3. Kabla ya hatua ya 50 wimbi lilikuwa limeupita mlima Kilimanjaro. Vumbi la makosa ya kukadiria desimali, dogo kuliko atomu, lilikuwa limekuzwa hadi huko. Ukiuona msumeno huo usiguse milinganyo. Punguza Δt.

Hatua ya 6: Programu

```
import numpy as np
g = 9.81
dx = 10000.0
dt = 30.0
N = 700
x = (np.arange(N) + 0.5) * dx
kina = np.full(N, 4000.0)
kimo = np.exp(-((x - 700000.0) / 100000.0)**2)
kasi = np.zeros(N + 1)
mtiririko = np.zeros(N + 1)
kina_mpaka = 0.5 * (kina[1:] + kina[:-1])
for hatua in range(1440):
    kasi[1:-1] -= dt * g * (kimo[1:] - kimo[:-1]) / dx
    mtiririko[1:-1] = kina_mpaka * kasi[1:-1]
    kimo -= dt * (mtiririko[1:] - mtiririko[:-1]) / dx
```

Hatua 1,440 za sekunde 30 ni saa 12 za bahari. Kwenye kompyuta ya kawaida ni kufumba na kufumbua. Tumeanza na kilima cha maji cha mita 1, kilele chake kikiwa kilomita 700 kutoka ukingo wa kushoto ili ibaki safari ya kilomita 6,300. Miisho yote miwili ni kuta: kasi pale ni sifuri daima.

Kilima hicho ni urahisishaji. Tetemeko halisi liliinua sakafu upande wa magharibi na kuishusha upande wa mashariki, ndiyo maana Thailand bahari ilianza kwa kurudi nyuma na kuacha fuo wazi. Kwa sisi wa magharibi, kuanza na kilima si uongo mkubwa.

Hatua ya 7: Iteseke kabla hujaiamini

Usiweke kina halisi mpaka modeli ifaulu kwenye bahari ya sinia, yenye kina kimoja. Fanya majaribio manne.

Kilima cha mita 1 lazima kigawanyike viwili vya nusu mita, kimoja kulia, kingine kushoto. D'Alembert alilijua hilo mwaka 1747. Ukipata 0.7 au 0.3, kuna kosa.

Kilele cha kulia kiwe kilomita 3,700 kwenye hatua ya 505, kwa sababu kilomita 3,000 gawanya kwa mita 198 kwa sekunde ni sekunde 15,145. Seli moja huku au huko si neno.

Jumlisha kimo chote, zidisha kwa dx: upate takriban 177,245 mwanzoni, na namba hiyohiyo mwishoni. Ikipungua, bahari yako inavuja. Kosa huwa karibu kila mara kwenye mipaka.

La mwisho, gawanya dx na dt kwa 2, zidisha N na idadi ya hatua kwa 2, na uendeshe tena. Jibu likibadilika sana, ulikuwa unaangalia gridi yako (mpangilio wa seli), si wimbi.

Utaona pia kilima cha pili kikifika Mombasa kama saa 2 baada ya cha kwanza. Ni ile nusu ya kushoto iliyogonga ukuta na kurudi. Kiache, lakini usimwonyeshe mtu ukisema ni utabiri.

Hatua ya 8: Weka kina halisi, na usome matokeo kwa adabu

Badilisha mstari wa `kina` kwa namba za GEBCO, ukigeuza alama zake, kwa sababu GEBCO huandika sakafu ya bahari kwa namba hasi. Mara utaona kilele kikipunguza mwendo na kuinuka kila kina kinapopungua. Kwa makadirio, kimo kinakua kwa kipeuo cha nne cha uwiano wa kina: kutoka mita 4,000 hadi 50 uwiano ni 80, na wimbi linakuwa karibu mara 3. Sentimita 30 za bahari kuu zinakuwa sentimita 90. Kanuni hii ni ya George Green, na ni kipimo kizuri cha kujua kama programu yako inasema ukweli.

Gridi ya kilomita 10 haikutoshi hapa. Kwenye mita 40 urefu wa wimbi umebaki kilomita 47, haufiki seli 5, na wimbi linahitaji walau 20. Tumia kilomita 1 au pungufu sehemu za pwani. Ukitumia kilomita 1 kila mahali, Δt inashuka hadi sekunde 4 na kazi inaongezeka karibu mara 75. Bado inawezekana.

Kuhusu muda wa kufika, iamini modeli hii kwa dakika chache huku na huko. Kuhusu kimo, kuwa mgumu. Mstari mmoja haujui kwamba wimbi linatawanyika linapopanuka, wala kwamba mpasuko ule ulilala karibu kaskazini-kusini, hivyo nguvu nyingi ilielekea mashariki na magharibi: Sri Lanka, India, hadi pembe ya Somalia. Sisi tulikuwa kando ya njia kuu. Wala haijui maji yatapanda hadi mlango wa nani. Ukuta wa kulia unakuonyesha kimo kikiwa maradufu, na kimo hicho ni cha ukutani, si cha ufukweni kwenye mwamba, mikoko na mchanga. Juu ya hayo kuna bamvua. Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa mwezi mpevu, na siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu inakaribia mita 4. Wimbi la mita 1 maji yakiwa yamepwa halifiki hata alama ya maji makuu. Lilelile maji yakiwa yamejaa linaingia barazani.

Hatua ya 9: Ivunje modeli

Ukishaimudu Sumatra, hamisha chanzo. Tarehe 27 Novemba 1945 tetemeko la ukubwa wa 8.1 lilipiga pwani ya Makran, iliyo leo Pakistan, na tsunami yake ilifika hadi Oman. Jaribu kuipeleka Mombasa. Umbali kwa njia fupi ni kilomita 4,100 hivi, na utafurahi, hadi uchore mstari wenyewe kwenye ramani. Unapita nchi kavu ya Somalia, karibu na Hafun. GEBCO itakurudishia mwinuko wa nchi kavu, kina chako kitakuwa na alama ya kutoa, na √(g·h) itagoma.

Wimbi halisi lingezunguka rasi, na kuzunguka kunataka uga wa pande mbili: kimo kiwe η(x,y,t), ongeza kasi ya pili v, ongeza mstari mmoja unaofanana na ule wa u, na seli za nchi kavu zipewe kuta. Sharti la muda linabana kidogo, kwa sababu c·Δt sasa isizidi Δx gawanya kwa √2. Kwa seli za kilomita 10 na kina cha mita 5,000 hiyo ni sekunde 31.9. Sekunde zako 30 bado zinapita, kwa chupuchupu.